Kifungashio Kimoja, Hai

Kabla sijasema lolote, ieleweke kwamba mimi ni raia mtiifu wa Jamhuri ya Kipupweni. Cheti cha utiifu ninacho, kipo kwenye fremu sebuleni, kimegongwa muhuri mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza wino ulikuwa umekauka. Sina ugomvi na serikali yangu. Mkiona nacheka katikati ya habari hii, hicho ni kikohozi. Mkiona nalia, ni moshi wa jikoni.

Kipupweni kuna baridi. Sisemi kwa kulalamika, jamani, nasema tu. Ni baridi ya milimani, inang'ata masikio, na mwezi wa Juni sakitu hulala juu ya majani ya viazi mpaka saa nne asubuhi. Ndiyo maana tuna Wizara ya Joto. Chini ya wizara hiyo kuna Kitengo cha Kuzuia Baridi Isiingie, chenye mlinzi kwenye kila mlango wa ofisi ya umma. Kazi yake ni kuubamiza mlango kabla baridi haijapita. Mmoja wao alipewa nishani kwa kuzuia baridi nyingi kuliko wenzake wote. Ilipimwaje? Usiniulize mimi, nenda kamuulize aliyemvisha.

Wizara hiyohiyo ilipiga marufuku viti vya chuma. Mtu akikalia chuma husikia baridi, akikalia mbao hasikii sana, kwa hiyo ilidhihirika kwamba chuma kinaficha baridi kwa siri na kuitoa raia anapojisahau. Viti vikakamatwa, vikafungiwa stoo ya halmashauri. Katika mtaa wetu wa Sakitu alikuwepo mwalimu wa fizikia, Mwalimu Bupe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Yeye aliwaambia wanafunzi kwamba kiti cha chuma na cha mbao vilivyolala chumba kimoja vina nyuzi joto zilezile, ila chuma kinakunyang'anya joto lako haraka kuliko mbao. Alipewa onyo la kwanza. Mimi nilishiriki kulipeleka, maana nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe mzuri hapeleki habari kwa kuchechemea.

* * *

Sasa sikilizeni jinsi hekima inavyoingia nchini.

Mtukufu Rais wetu, katika kikao cha Baraza la Mawaziri, alichoka na mambo ya taifa akalala. Wakamfunika blanketi jipya. Alipoamka alikuwa anatoka jasho, akasema, "Lo! Blanketi hili lina moto!" Katibu akaandika. Kwetu, Rais akisema neno huku anatoka jasho, hiyo ni sera.

Baada ya wiki mbili ikatoka Sera ya Taifa ya Blanketi, kitabu kinene chenye picha ya blanketi kwenye jalada. Hoja yake hata mtoto angeielewa, na kwa kweli ilionekana kama mtoto ndiye aliyeiandika. Blanketi moja humpasha moto mtu mmoja. Kwa hiyo mablanketi elfu arobaini yakikusanywa pamoja yatachemsha maji. Maji yakichemka yatatoa mvuke, mvuke utazungusha mtambo, na umeme utawaka Kipupweni yote bila kuni, bila makaa, bila mafuta. Waziri wa Joto, Mheshimiwa Dakta Gwandumi, aliizindua kwa hotuba ya saa nne.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Tumelala juu ya utajiri! La, nasema uongo. Tumelala chini yake! Kila usiku mnajifunika mtambo wa umeme, na asubuhi mnaukunja mnauweka kabatini! Mataifa yanatucheka!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hilo nalo, alisema Waziri, lilikuwa joto la ziada kwa taifa.

Nikapewa kazi ya kukusanya mablanketi ya nyumba zangu kumi. Hee, niliifanya! Sikuacha hata kipande. Bibi mmoja alilificha lake chini ya godoro, nikalitoa huku nikimwimbia wimbo wa taifa. Nilipomaliza nyumba tisa nikaingia ya kumi, yaani kwangu mwenyewe. Hapo anakaa binti yangu, Sekela, mtoto wangu wa pekee. Mumewe alikuwa kusini kwenye ujenzi wa barabara. Naye Sekela alikuwa na mimba ya miezi saba kasoro kidogo.

Akanitazama nikikunja. Nilipofika kwenye blanketi dogo la njano, lile ambalo marehemu mama yake alilifuma kwa mkono akisema ni la mjukuu atakayekuja, akalishika ncha.

"Baba, na hili?"

"Taifa kwanza, mwanangu."

"Litachemsha maji kiasi gani hili, baba? Kikombe?"

"Haba na haba hujaza kibaba," nikamwambia, na nikalivuta. Akaliachia. Mpaka leo nikikumbuka vile alivyoliachia, hilo jambo linaniuma kuliko kama angenitukana.

* * *

Mwalimu Bupe akapata onyo la pili na la mwisho siku hiyohiyo. Alinunua barafu mbili za ukwaju, zile za kwenye mfuko wa nailoni wanazouza dukani. Moja akaiacha juani juu ya dawati, nyingine akaizungushia sweta lake, akaiweka pembeni yake juani vilevile. Watoto wakangoja. Iliyokuwa uchi ikayeyuka ikawa maji. Ya ndani ya sweta ikatoka ngumu, na mtoto mmoja akailamba kama ushahidi.

"Kama sweta lina moto," akawauliza, "mbona halikuiyeyusha?"

Mkaguzi wa elimu alikuwa dirishani. Aliandika kwamba barafu husika ilikuwa na utovu wa nidhamu, na kwamba mwalimu alilitumia sweta kinyume cha matarajio ya serikali. Mwalimu Bupe akaondolewa kwenye fizikia, akapelekwa kufundisha kuimba. Ndiyo maana kwaya ya shule yetu ilikuwa na sauti ya kukwaruza mwaka ule wote.

Mablanketi yakapelekwa kwenye Birika la Taifa. Hilo ni tangi la maji kubwa kuliko ukumbi wa halmashauri, limejengwa pale juu ya kilima, nalo likavishwa mablanketi elfu arobaini, moja juu ya jingine, mpaka likaonekana limevimba. Tukangoja lichemke. Siku ya kwanza, kimya. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya tatu kipimajoto kikaonyesha kwamba maji ya ndani yamebaki na ubaridi uleule wa asubuhi walipoyamimina, na hata mchana jua likiwaka na ndoo za majumbani zikipata uvuguvugu, maji ya Birika yako vilevile, yamejifunika, yamelala.

Tume ikaundwa. Kwanza ikasema mablanketi bado yanazoea mazingira. Kisha ikasema wananchi wametoa mablanketi mavivu. Mwisho kikahojiwa kipimajoto chenyewe, kikaonekana kimetengenezwa nchi ya jirani, na hapo kila mtu akaelewa. Lakini Mtukufu Rais alishaanza kuuliza maswali, na Waziri Gwandumi akaanza kutoka jasho bila blanketi. Alitaka ushahidi, tena mbele ya watu na mbele ya redio, kwamba mablanketi ya taifa yanatoa joto.

Nasi huku nyumbani tulikuwa tunalala na magunia.

* * *

Sekela akajifungua alfajiri ya Jumanne, kabla ya wakati. Mtoto njiti. Wa kiume, kilo moja na nusu, na hapo ni pamoja na khanga aliyofungiwa. Nilipomwona pale zahanati nilidhani wananionyesha mkono wa mtu. Jina akapewa Tuntufye.

Nesi hakuwa mtu wa hotuba. Alimvua Sekela blauzi, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa khanga mbili, na juu yake akatupa koti lake mwenyewe.

"Mashine ya kumtunzia joto hatuna," akasema. "Mashine yake ni mama yake. Huyu mtoto hawezi kujipasha moto mwenyewe, bado mdogo mno. Asitolewe hapa kifuani hata saa moja. Mnanisikia? Akipoa huyu, harudi."

Nilimsikia. Lakini kusikia na kuelewa ni watu wawili tofauti, na kwangu mimi walikuwa hawajawahi kukutana.

Alhamisi, tukiwa tumesharuhusiwa kurudi nyumbani, akaja mtendaji wa kata yetu, Bwana Ipyana, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, zote za serikali. Alimkuta Sekela kitandani na mtoto kifuani, akapiga kofi la furaha.

"Mzee, hongera! Wewe ndiye mkombozi wetu! Hapa pana mtoto anayehitaji joto, na pale kilimani taifa lina joto la kumwaga! Jumamosi atalazwa katikati ya mablanketi ya Birika, peke yake, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kuna tundu la hewa, usiwe na wasiwasi. Saa tisa Mheshimiwa Waziri anamtoa mbele ya redio, mtoto moto moto! Dunia itaona!"

Sekela akasema, "Hatoki kifuani kwangu."

Na mimi? Msinicheke. Nilijivuna. Mjukuu wangu wa siku mbili, tayari ana ratiba ya kiserikali! Nilimwambia binti yangu asiwe mbinafsi, mablanketi elfu arobaini ni mengi kuliko kifua kimoja. Akanigeuzia mgongo. Ipyana akaenda zake akipiga mluzi.

* * *

Mwalimu Bupe alikuja jioni hiyo kabla jua halijazama. Alikuja kumwona mzazi, akaleta uji wa ulezi. Sikumtarajia, maana ni mimi niliyempelekea maonyo yote mawili. Alipotoka chumbani kwa Sekela alikuwa amekunja uso.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu wa kuimba."

Hakujibu kejeli. Alinyoosha kidole ukutani. "Koti lako limening'inia pale msumarini tangu lini?"

"Tangu jana."

"Tia mkono ndani."

Nikatia. Lilikuwa la baridi, la baridi kama ukuta.

"Tangu jana limezalisha nini?"

Nikautoa mkono.

"Haya, livae. Funga vifungo." Nikavaa, nikafunga. Akaniacha nimekaa, akamimina uji kikombeni, akaunywa taratibu mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Tia mkono tena."

Palikuwa na joto. Joto zuri, la kumfanya mtu asinzie.

"Koti ni lilelile," akasema. "Nyumba ni ileile. Kilichoongezeka humo ndani ni nini?"

"Ni... mimi."

"Ni wewe. Koti halina moto, mzee wangu. Joto ni lako, koti linakuzuilia tu lisitoroke. Sasa yule mjukuu wako hana joto la kuzuiliwa. Ukimweka peke yake kwenye mablanketi yaliyolala nje mwezi mzima, unakuwa umemfunga na baridi ndani."

Nilikaa na koti langu. Nikamwona nesi, nikasikia ile sauti yake, akipoa huyu harudi. Nikaona mikono yangu ikilivuta lile blanketi la njano. Nikasema, "Mungu wangu, mwalimu, nimefanya nini?" Na hapo nililia, na jikoni hapakuwa na moto.

* * *

Ijumaa asubuhi tulikuwa ofisini kwa Ipyana, mimi na Mwalimu Bupe. Nikamwambia tumebadili nia, mtoto haendi.

"Haiwezekani," akasema. "Ratiba imeshachapwa."

"Atakufa, Bwana Mtendaji."

"Kwenye ratiba hakuna kufa, mzee. Angalia mwenyewe." Akanionyesha. Kweli, hakukuwa na kufa. Kulikuwa na wimbo wa taifa, ngoma, hotuba, mtoto kuingia, hotuba, chakula cha wageni, hotuba, mtoto kutoka. "Ukikataa ni kuhujumu joto. Utakwenda ndani wewe, na mtoto atakwenda kilimani na askari. Kuna faida gani?"

Akafungua droo akatoa fomu. Kila kitu kinachoingia Birika la Taifa lazima kiandikwe, alisema, hata bisibisi. Akaanza kujaza. Jina la kitu: mtoto, mmoja. Uzito: kilo moja na nusu. Halafu kalamu ikasimama. Mwalimu Bupe alikuwa anasoma fomu kichwa chini miguu juu, kama walimu wanavyojua kusoma kutoka upande wa pili wa dawati.

"Hapo panauliza aina ya kifungashio," akasema.

"Naona."

"Kanuni zinasemaje kuhusu kitu chepesi kinachovunjika haraka?"

Ipyana alikuwa anazijua kanuni kuliko anavyoujua uso wa mama yake. Akazikariri amefumba macho. "Kanuni ya kumi na tisa. Kitu chepesi kinachovunjika hakipokelewi na serikali bila kifungashio, na kifungashio hakitaondolewa mpaka kitu kirejeshwe kwa mwenyewe."

"Basi mwandike Sekela."

Inzi alitembea juu ya muhuri, akafika mwisho, akarudi.

"Sekela ni mtu," akasema Ipyana.

"Fomu haina sehemu ya watu."

Akaipekua mbele na nyuma. Haikuwa nayo. "Kifungashio hiki kitaongea?"

"Hakitaongea."

"Kitaonekana pichani?"

"Kitakuwa chini ya mablanketi."

Akafikiri mpaka jasho likamtoka, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri: kifungashio kimoja, hai. Alitufuata mpaka nyumbani kwa ajili ya utaratibu, na binti yangu akagongwa muhuri kwenye mkono wa kushoto. Sekela aliutazama ule muhuri, akanitazama mimi, akasema, "Nikitoka huko, baba, hilo blanketi la njano utalirudisha." Nikaapa.

* * *

Jumamosi kilima kizima kilijaa watu. Tulitetemeka kwa mpangilio, nyumba kumi kumi. Sekela akapandishwa ngazi, mtoto kifuani ndani ya khanga, akapita mbele ya jukwaa kuu. Mheshimiwa Gwandumi akamtupia jicho.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni kifungashio, Mheshimiwa," akasema Ipyana.

"Kimetengenezwa wapi?"

"Hapahapa nchini, Mheshimiwa."

"Safi sana! Tuthamini vya nyumbani." Akapiga makofi, nasi tukapiga. Sekela akaingia katikati ya mablanketi, likabaki tundu la hewa tu na uzi wa kipimajoto, safari hii kipimajoto cha kizalendo.

Waziri akahutubia. Alisema joto la mablanketi ni urithi wetu. Alisema wapo wasomi waliotumwa na baridi. Alisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye angetuambia. Mimi sikusikia nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye lile tundu. Saa nne, saa tano, saa sita. Kipimajoto kikapanda pole pole, thelathini na tano, thelathini na sita, thelathini na sita na nusu, na kila kilipopanda mtangazaji wa redio alipiga kelele kana kwamba timu ya taifa imefunga bao.

Ndipo Waziri akapata wazo. Mungu atuepushe na waziri aliyepata wazo.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Maadui watasema ni kile kifungashio! Nataka wanyamaze milele! Kiondolewe! Mtoto abaki na mablanketi peke yake mpaka saa tisa!"

Watu wakashangilia. Askari wawili wakaanza kupanda ngazi. Nilimtazama Ipyana, akatazama viatu vyake. Nilimtafuta Mwalimu Bupe, alikuwa amebanwa mbali na kwaya yake, mkono mdomoni.

Ndugu zangu, mimi katika maisha yangu sijawahi kumkatiza hata karani. Nilijikuta nimesimama.

"Mheshimiwa! Kanuni ya kumi na tisa!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine, lakini nikaendelea. "Kifungashio hakitaondolewa mpaka kitu kirejeshwe kwa mwenyewe! Mwenyewe ni mimi, babu yake! Na mimi sijarejeshewa! Kanuni imesainiwa na Mtukufu Rais, ukurasa wa arobaini!"

Waziri akafungua mdomo. Ikawa zamu yake kumtazama Ipyana, na Ipyana, Mungu ambariki na kalamu zake nne, akanong'ona, "Ni kweli, Mheshimiwa. Ameisaini." Kunipinga mimi kungegharimu maisha ya mtoto. Kupinga saini ya Rais kungemgharimu yeye uwaziri. Waziri akachagua kwa uangalifu mkubwa.

"Serikali yangu," akasema, "inaheshimu vifungashio." Tukapiga makofi. Mimi nilikaa chini, na nikagundua nimeuma mdomo mpaka ukatoka damu.

Saa tisa wakatolewa. Tuntufye alikuwa mwekundu, amelala, mdomo wazi, anatoa povu dogo la maziwa. Sekela nywele zimemganda kichwani kwa jasho, na kabla ya yote akaomba maji. Waziri akamwinua mtoto juu kidogo kwa ajili ya picha, akalia machozi ya kweli, akamrudisha haraka kwa sababu alikojolewa. Taarifa rasmi ilitoka jioni hiyo. Ilisema mablanketi ya taifa yamethibitika pasipo shaka kuwa ni chanzo cha joto. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ikaongeza kwamba kifungashio kimerejeshwa kikiwa katika hali nzuri.

* * *

Maji ya Birika hayakuchemka, hayajachemka, na nasikia sasa yana vyura. Tume ya pili ikagundua kwamba joto la mablanketi lina aibu, halipendi kutokea mahali pa wazi. Ikaamuliwa mablanketi yarudishwe majumbani, na kila nyumba itangazwe kuwa Kituo Kidogo cha Kuzalisha Joto. Tukapanga foleni tukarudishiwa mali yetu kama zawadi, kila moja limegongwa maandishi meusi, CHANZO CHA JOTO, MALI YA SERIKALI. Tukaamriwa kila asubuhi tufungue dirisha tuseme asante. Dirisha likifunguliwa baridi inaingia, lakini hilo ni la kitengo kingine.

La njano nililitafuta siku mbili ndani ya lile rundo. Muhuri ulikuwa mpana kuliko blanketi lenyewe. Sekela alilipokea, akamfunika mtoto, upande wa maandishi ukatazama chini.

Miaka ikaenda. Walimu wakawa adimu, Mwalimu Bupe akarudishiwa sayansi kwa masharti, na Tuntufye akaingia darasa la pili, mrefu, mbishi, haogopi baridi. Mwaka huu wamefanya mtihani wa wizara. Swali la nne liliuliza: Chanzo cha joto la mtoto ni nini? Mwongozo wa kusahihishia unataka jibu hili: Blanketi, kwa hisani ya serikali. Mjukuu wangu aliandika neno moja: Mama.

Mwalimu Bupe alisahihisha na Ipyana amekaa pembeni yake na mwongozo mkononi. Akaweka alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu, kama sheria inavyotaka. Jioni akaileta karatasi mwenyewe nyumbani. Alimkabidhi Sekela. Sekela alijishika mkono wa kushoto, pale palipogongwa muhuri zamani.

Mtoto akaja kwangu na karatasi yake, ameshikilia machozi. "Babu, nimekosea wapi?"

Nilitazama nje kwanza, kwa mazoea. Dirisha lilikuwa wazi, tulikuwa tumeshatoa asante ya siku. Bwana Ipyana alikuwa anapita barabarani na kalamu zake. Nikasema kwa sauti ya kumfikia yeye na nyumba zangu zote kumi.

"Hujakosea popote!"

Ipyana akasimama. Akanitazama, akaitazama nyumba, kisha akaendelea na safari yake, na sikumwona akiandika. Nami nimekitoa kile cheti changu cha utiifu kwenye fremu. Humo sasa kuna karatasi ya darasa la pili yenye alama ya kosa, na mgeni akiniuliza ni ya nini, namwambia asome swali la nne.